Kidole Gumba cha Nani?

Chukulia mfano huu, wa kubuni, usianze kutafuta mtu. Mwanafunzi wa uzamili yuko ndani ndani huko Msambweni, anakusanya damu ya utafiti wa malaria. Mama mmoja amekubali kwa mdomo mwanawe atolewe damu. Damu imetolewa, mama ameenda zake shambani. Jioni mwanafunzi anagundua fomu ya ridhaa haina alama ya kidole. Mama hajui kuandika, kwake ni mbali, na mwenye boda anataka hela zaidi. Mwanafunzi anachovya kidole chake mwenyewe kwenye wino. Basi.

Sasa niambie: nani ameumia?

Ukitafuta majeruhi humpati. Mama alikubali kweli. Damu ni ya mtoto yule yule na majibu ya maabara ni sahihi. Ukipima kwa faida na hasara peke yake, hakuna kosa. Na bado unahisi kuna kitu kimeibiwa.

Kwa Kwale hili si swali la darasani tu. Kati ya 2023 na 2024, utafiti wa BOHEMIA uliwapa watu wa huku ivermektini mara moja kwa mwezi, miezi mitatu. Mbu akimuuma aliyemeza dawa hiyo, anakufa. Zaidi ya watu 20,000 walishiriki. Matokeo yalichapishwa 2025: maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, ukilinganisha na maeneo yaliyopewa albendazoli, dawa ya minyoo. Namba hiyo imejengwa juu ya milango iliyofunguliwa na watu ambao hawatawahi kukagua hesabu zake. Waliamini tu. Na hii ndiyo Pwani iliyotishia watoto wake kwa hadithi za mumiani, mnyonya damu.

Kwangu mimi, kilichoibiwa ni "hapana" ya yule mama. Ndiyo yake ina thamani kwa sababu angeweza kukataa. Mwanafunzi alipojibandikia kidole, alisema jibu la mama halihitajiki tena. Leo limelingana na alichotaka. Kesho halitalingana, na fomu zitaonekana sawasawa. Hapo hata ndiyo za kweli zilizomo kwenye faili zinashuka bei.

Ndiyo maana kuna wakaguzi wa utafiti. Wanaangalia: ridhaa ilichukuliwa kabla ya damu au baada? Kama mtu hasomi, yuko wapi shahidi asiyehusika na utafiti? Wanafunzi huwaona kama polisi. Mimi niliacha chuo kabla ya kufika tasnifu, kwa hivyo utasema naongea tu, lakini naona shida yao ni nyingine: wanakagua karatasi, na wino hauna sauti. Kidole kikibandikwa vizuri, faili linapita.

Kwa hivyo ukaguzi ufike mpaka uani. Mama aulizwe, kwa Chidigo kama ndiyo lugha yake: ulielezwa nini? Ulijua unaweza kukataa? Kisha aulizwe msimamizi pia: kwani kijana alipewa nyumba kumi na mbili kwa siku na nauli ya nyumba sita? Sheria ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI. Leseni iko, sawa. Lakini msimamizi ambaye Kwale anaijua kwa ufuo wa Diani peke yake anasimamia nini hasa?

Kuna watakaosema, aah, huyo bado anajifunza. Kweli. Mwanagenzi wa useremala akikosea, ubao unatupwa. Hapa ubao ni mtu, na gharama ya kujifunza haiwezi kulipwa na mtu ambaye hakuambiwa kuna bili.

Kulikuwa na njia nyingine jioni ile. Aandike: ridhaa ilikuwa ya mdomo, alama haikuchukuliwa. Amwambie msimamizi. Pengine sampuli ile isingetumika, na pengine angegombezwa. Lakini mama angebaki na neno lake, na mtafiti atakayebisha hodi mwaka ujao angekuta mlango bado unafunguka.