Alama Zilikuwa Sawa

Fundi seremala mmoja wa Pangani, mzee aliyepita miaka sitini, alianza kwa kutokwa damu puani, kisha uvimbe ukamtokea shingoni, chini ya sikio. Zahanati walimpa dawa mara mbili, uvimbe haukusogea. Hatimaye akapelekwa mjini, kinyama kikachukuliwa na kupimwa, akaambiwa ana saratani nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo. Mzee huyu nimemtunga mwenyewe, na hospitali aliyotibiwa haina jina. Lakini hakuna kilichompata ambacho hakiwapati wagonjwa wa kweli wa mionzi, na ndiyo maana nataka kisa chake kisikike, hasa kwa wanaouguza ndugu nyumbani.

Saratani ya mahali pale si rahisi kuifikia kwa kisu. Huchomwa mionzi, mara nyingi pamoja na dawa za dripu. Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei, na mpango uliozoeleka ni grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, hadi zitimie 70: mara 35, wiki saba. Shida ni majirani wa uvimbe huo. Nyuma yake kuna shina la ubongo na neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo, ambayo madaktari hawataki ipokee zaidi ya grei 45 hadi 50. Pembeni ziko tezi za mate. Kwa hiyo mwanafizikia wa tiba huchora mpango ambamo dozi kubwa inaishia kwenye uvimbe pamoja na ukingo mwembamba wa tahadhari, milimita 3 hadi 5. Kichwa kikihama kupita hapo, kinachochomwa si kile kilichochorwa.

Kazi ya kukishika kichwa hufanywa na barakoa ya plastiki. Inapotoka kiwandani, kabla haijafika usoni, ni bamba jeupe lenye vitundu vingi, unene wa milimita 2 au 3, na kwa kawaida limetengenezwa kwa polima iitwayo polikaprolaktoni. Polima hiyo ilitokana na kazi ya Wallace Carothers na wenzake huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sifa yake iliyoipeleka hospitalini ni kwamba huyeyuka kwenye takriban nyuzi joto 60 za Selsiasi, kiwango ambacho plastiki nyingi hazijaanza hata kulegea. Tena, katika mabamba mengi, minyororo ya molekuli imefungwa pamoja hapa na pale, kwa hiyo bamba hulainika na kuvutika bila kutiririka. Zamani kazi hii ilihitaji plasta ya jasi usoni, kisha kalibu, kisha ganda la plastiki ngumu, na mgonjwa kuitwa mara kadhaa. Sasa ni suala la dakika.

Siku ya fundi wetu, binti mmoja, mtaalamu wa tibamionzi, alilizamisha bamba kwenye beseni la maji ya nyuzi 70. Weupe ukatoweka taratibu, bamba likawa angavu, ukaweza kuona sakafu ya beseni kupitia kwake. Akalitoa, akalikung'uta maji, akaligusisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe.

"Baba, utasikia joto, ila haliunguzi. Fumba macho, pumua kwa pua."

Yeye upande huu, mwenzake upande ule, wakalivuta kwa pamoja hadi kwenye ubao wa kitanda na kulifunga kwa vibanio. Kisha vidole vyake vikakandamiza kwenye tuta la pua, kwenye paji, chini ya kidevu, mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Hapo ndipo barakoa inapata mshiko wake. Mashavu ni nyama, hayashikiki. Halafu wakangoja. Polima ikipoa molekuli zake hujipanga upya katika fuwele, weupe hurudi, bamba hukakamaa na kunywea kidogo. Anayelivua mapema kwa sababu foleni ni ndefu huondoka na barakoa itakayoendelea kunywea bila uso ndani yake, na kesho haitaingia vizuri. Binti huyu hakuharakisha. Alisubiri dakika kumi.

"Dokta, hii inabana," mzee akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Ndivyo tunavyotaka, baba yangu. Isipobana haina kazi."

Mzee alielewa mara moja. Maisha yake yote amefunga mbao kwenye jiriwa, na anajua ubao unaocheza huupeleka msumeno nje ya mstari.

Kikafuata kipimo cha CT skani akiwa amefungwa vilevile, na alama za kulenga zikachorwa kwa kalamu ya wino. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu kosa lote la kisa hiki limejificha mahali hapa: alama zile zilichorwa juu ya barakoa. Usoni hakukuchorwa kitu. Kila asubuhi miale myembamba ya leza kutoka ukutani na darini ililengwa kwenye alama hizo, na zikikutana, kitanda kinahesabiwa kuwa kipo mahali pake.

Wiki ya tatu mdomo ukaota vidonda. Wali ukamshinda, kisha ugali, akabaki na uji na supu iliyochujwa. Alianza tiba akiwa na kilo 68. Wiki ya tano ilipoanza alikuwa na 59. Uvimbe wa shingoni nao ulikuwa umenywea, jambo la kushukuru, lakini mahali ulipokuwa sasa palikuwa na nafasi. Barakoa ilibaki na umbo la uso wa siku ile ya beseni. Ndani yake mzee aliweza kusema maneno, na akitaka, kukigeuza kidevu.

Alijua, na hakusema.

Sababu zake zilikuwa za kibinadamu kabisa. Kwanza, alipata nafuu: wiki za mwanzo alitoka mle na michirizi ya vitundu kwenye paji na roho ikimwenda mbio, na sasa angalau anahema. Pili, kwenye benchi la kusubiria alisikia kwamba mtu akitengenezewa barakoa nyingine hurudishwa nyuma ya foleni. Alikuwa amefikia nyumbani kwa shemeji yake, analala sebuleni, na binti yake aliyemsindikiza alikuwa ameacha genge lake la nyanya bila mtu. Wiki moja zaidi mjini ilikuwa mzigo asiotaka kuwatwisha. Akaamua kujitahidi kutulia tu.

Na chumba cha mionzi hakikuona. Alama zilikutana na leza kila siku bila kosa, kwa sababu plastiki haikuwa imebadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mtu aliyekuwa ndani. Siku moja kijana wa zamu aliona kidevu kinaning'inia, akakunja shashi na kuisukumiza chini yake. Alifanya kwa huruma. Lakini mionzi ya nishati kubwa, kama ile ya megavolti 6, hufikia kilele chake sentimita moja na nusu hivi ndani ya mwili, na kila kinachowekwa juu ya ngozi hukisogeza kilele hicho kuelekea nje. Barakoa yenyewe hupandisha dozi ya ngozi, na vitundu vyake husaidia kuipunguza athari hiyo. Shashi iliyokunjwa haikukishika kidevu. Ilimwongezea mzee kidonda shingoni.

Picha ya kuhakiki, ambayo ingepigwa kila wiki, iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Ilipopigwa, mfupa wa taya ulikuwa umehama milimita 7 kutoka ulipotarajiwa, na kidevu kimeinama kuelekea kifuani.

Mwanafizikia alisimamisha tiba siku hiyohiyo. Yule kijana alipendekeza barakoa ipashwe moto upande wa mashavu na kukandamizwa upya, yaishe. Akakataliwa, na alistahili kukataliwa. Barakoa iliyopashwa na kukandwa tena ni barakoa nyingine, na mpango ulichorwa juu ya picha ya mwili wa kilo 68. Ilibidi kuanza na bamba jipya, CT skani mpya, hesabu mpya. Zikapotea siku nne za tiba. Kwa saratani za kichwa na shingo siku hizo si kitu kidogo: kila siku tiba inaporefuka, uwezekano wa kuushinda ugonjwa hupungua kwa takriban asilimia moja. Na dozi iliyokwisha kuingia kwenye tezi ya mate ya kulia haiwezi kutolewa.

Simlaumu mzee. Mgonjwa aliyefungwa kichwa kitandani, mdomo umejaa vidonda, hana wajibu wa kuwa mkaguzi wa kazi ya hospitali. Nalaumu zaidi kwamba tangu siku ya beseni hakuna aliyemwambia kuwa kubana kule ndivyo tiba inavyotakiwa kuwa hadi siku ya mwisho, na kwamba kulegea ni habari ya kutoa mara moja, sawa na homa au kutapika. Binti yake angeweza kumuuliza kila jioni. Hakujua kwamba kuna la kuuliza. Aliuliza kama amekula.

Nawaambia pia wauguzaji jambo la upande wa pili, kwa sababu hutokea. Wapo wanaopewa dawa za jamii ya kotikosteroidi wakavimba uso, na barakoa ikakaza hadi mtu hawezi kumeza. Huyo naye husukumwa ndani kwa nguvu, vibanio vikafungwa, na kichwa kikakaa kimepinda. Chakula nacho kina nafasi yake humu: mgonjwa asiyeweza kumeza akiwekewa mpira wa kulishia mapema hulinda uzito wake, na kwa njia hiyo hulinda vipimo vyote vilivyofanywa siku ya kwanza. Familia nyingi huukataa mpira ule kwa kudhani ni dalili ya kukata tamaa.

Mzee alimaliza mara 35 zake akiwa na barakoa ya pili. Kabla ya kila kikao binti wa tibamionzi alikuwa akifunga vibanio, kisha anainama kwenye vitundu na kumuuliza, "Baba, jaribu kugeuza kidevu. Kinageuka?" Hakutoka chumbani kabla hajajibiwa.

Idara ile sasa ina utaratibu ambao haukugharimu shilingi. Kila Jumatatu mgonjwa hupimwa uzito, na uzito huo huandikwa kwa kalamu ya wino juu ya barakoa yenyewe, karibu na alama za leza, ili anayelenga leza aone namba hiyo kwa jicho lilelile. Uzito ukipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, mwanafizikia huitwa na picha hupigwa kabla mgonjwa hajapewa dozi ya siku hiyo, foleni iwe ndefu kiasi gani.