Kiokotwa cha Sikio

Mtu akikutana na wimbo ambao hakupata kuusikia kabla yake, wimbo uliomsisimua mwili, aghlabu analolitaka baada ya hapo si kuusikiliza tena peke yake. Analitaka sikio jengine. Atamtumia rafiki yake kwa simu usiku wa manane. Atawapelekea watu asiopata kuonana nao, walioko Oslo au Osaka, ambao yeye na wao hawana udugu ila wa kupenda sauti za namna moja. Kisha atakaa akingoja waseme neno. Ni haja ya ajabu tukiizingatia. Mwenye njaa akipata sahani ya wali hahitaji shahidi, lakini aliyepata wimbo hujiona kama kwamba hajaupata mpaka mwengine naye amekiri.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, aliligusa jambo hili pale alipotenga baina ya kauli mbili. Asemaye kwamba kitu kinampendeza amesema habari zake mwenyewe, na hakuna wa kumpinga. Asemaye kwamba kitu ni kizuri amekwishawadai wenziwe wote waafikiane naye, hata kama hana hoja ya kuwathibitishia. Kwa hivyo anayegawa wimbo ni mdai, japo hujidhani mtoaji. (Kant huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, aliulaumu muziki kwa kukosa adabu, kwa kuwa huwaingilia majirani bila ya kupiga hodi, mithili ya mtu atoaye mfukoni leso yenye manukato akawalazimisha wote walio karibu wanuse. Nadhani angelihamia shamba lau angelilala usiku mmoja Ng'ambo wakati wa harusi.)

Lakini kwa nini tunagawa si suala linalonishughulisha sana. Linalonishughulisha ni kwamba tunagawa kwa haki gani, na kwa sharti gani. Zamani suala hili lilikuwa dogo. Mwenye sahani ya santuri aliweza kuwaalika watu wa barza yake wakasikiliza, na mwenye kanda aliweza kumrikodia jirani. Mkono ulikuwa mfupi, na dhambi, ikiwa ilikuwepo, ilikuwa fupi vile vile. Tangu Napster ilipoanzishwa mwaka 1999, na hata baada ya kufungwa mwaka 2001 kwa shinikizo la mahakama, mkono umekuwa mrefu: msikilizaji mmoja chumbani mwake anaweza kuufikisha wimbo kwa watu wengi kuliko wote waliopata kumsikia mwimbaji mwenyewe. Na pamoja na mkono huo kumekuja jina la heshima. Msikilizaji wa namna hii huitwa mgunduzi. Jina hilo ndilo ninalotaka kulipinga. Mtu aliyesikia wimbo ulioimbwa na mwengine, ukarikodiwa na mwengine, ukauzwa sokoni na mwengine, hakugundua kitu. Ameokota.

Na kuokota kuna hukumu zake. Waliosoma fiqhi wanaukumbuka mlango wa luqata, yaani kiokotwa, na Hadithi mashuhuri aliyoipokea Zayd bin Khalid: kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mali ya kuokota, akaamrishwa akijue vyema chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima; mwenyewe asipotokea, aitumie, na siku yoyote akitokea arejeshewe. Akauliza juu ya kondoo aliyepotea, akajibiwa kwamba huyo ni wake yeye, au wa nduguye, au wa mbwa mwitu. Akauliza juu ya ngamia, na hapo Mtume akakasirika: ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, aachwe mpaka mwenyewe amkute. Sidai kwamba Hadithi hii ilikusudia nyimbo, na suala la muziki kuwa halali au haramu nawaachia wanazuoni. Ninachokiona ni kwamba mlango huu una busara ambayo sheria zetu za hakimiliki zina uchache nayo. Sheria hizo humtazama mwenye mali na humtazama mwizi. Mtu wa tatu, aliyekikuta kitu njiani akakipenda, hazimjui vyema.

Tuanze na ile kamba. Mwokotaji ameamrishwa kuijua kabla ya jambo lolote, kwa sababu ndiyo itakayomtambulisha mwenyewe siku akija kudai. Kamba ya wimbo ni majina yake: nani aliuimba, nani alitunga maneno, nani alipiga, wapi, mwaka gani. Katika miaka ya 1950, mjini Kingston, Jamaica, wenye mitambo mikubwa ya kupigia muziki mitaani walikuwa wakinunua sahani kutoka Marekani na kuzikwaruza lebo zao, ili mshindani asijue ni wimbo wa nani na aweze kuutafuta. Coxsone Dodd alikuwa na mmoja uliowatia watu wazimu, akaubandika jina lake mwenyewe, "Coxsone Hop". Kumbe ulikuwa ni "Later for the Gator" wa Mmarekani Willis Jackson, na mshindani wake, Duke Reid, alipokuja kuupata na kuupiga hadharani, fakhari ya Dodd ilivunjika. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Lakini tazama kilichokuwa kinafanyika: watu walicheza kwa furaha wimbo wa mtu aliye hai, na aliyewapa furaha hiyo alikuwa amekaa na kisu akiifuta njia ya kumrudia. Uroho wa siri na ukarimu wa kugawa vilikuwa katika mkono mmoja.

Siku hizi hakuna anayehitaji kisu. Faili la wimbo hupita kwa watu kumi, na kila linapopita hudondosha kitu. Kwanza mwaka, kisha mpiga fidla, kisha mji, mwisho hubaki neno moja, "taarab" au "Afrika", kama kwamba Afrika ndiyo iliyoimba.

Na kuna jambo jengine katika ile amri, nalo ni mwelekeo wa kutangaza. Mwokotaji hutangaza ili sauti imfikie mwenye mali. Sisi tunawatangazia waokotaji wenzetu, na tunapofurahia ni pale wanapotusifu kwa kuwa na jicho kali.

Atasema mtu: mfuko wa fedha ukiwa kwangu hauko kwako, lakini wimbo nikikupa nakala, mimi ninao, wewe unao, na mwimbaji naye anao. Nani amepungukiwa? Hoja hii ina nguvu, na sioni faida ya kuijibu kwa kupiga kelele za wizi. Jibu ninaliona katika desturi yetu ya kutunza. Katika taarab aliyeguswa hakai kitini akamnong'oneza jirani yake tu. Huinuka, akaenda mbele kwa madaha, mkono juu na noti mkononi, mbele ya watu wote, akamtunza mwimbaji, kisha akarudi. Ukumbi mzima umejua kwamba ubeti ule umempata fulani, na pengine umejua ni nani aliyekusudiwa kwa ubeti huo, jambo ambalo limekwishavunja urafiki zaidi ya mmoja. Basi kutunza nako ni kugawa. Ni kuwaambia wasikilizaji wenzako, sikilizeni hapa. Ila njia ya kuwaambia inapitia mkononi mwa mwimbaji. Kinachopungua mtandaoni si fedha peke yake, ni njia hiyo. Furaha hutoka kwa msikilizaji ikaenda kwa msikilizaji, ikaizunguka dunia, wala isipite kule ilikotoka.

Kisa cha Ata Kak kinaonyesha ugumu wenyewe. Mghana huyu, ambaye jina lake ni Yaw Atta-Owusu, alirikodi nyimbo zake Toronto, Kanada, alikokuwa akiishi, zikatolewa Ghana mwaka 1994 katika kanda iitwayo Obaa Sima. Nakala zilikuwa kiasi ya 50 tu. Ni muziki usioshika kabila: maneno ya Kitwi yanamiminwa kwa kasi juu ya midundo ya mashine, furaha tupu, kama mtu aliyefungiwa chumbani na kinanda cha umeme akakataa kutoka. Mwaka 2002 kijana wa Kimarekani, Brian Shimkovitz, aliikuta kanda hiyo ikiuzwa Cape Coast, na mwaka 2006 akaanza kuwagawia watu bure kwa intaneti, bila ya idhini, maana hakumjua wa kumwomba. Ikapendwa mno. Akaanza kumtafuta mwenyewe, Ghana, Ujerumani, Kanada, na ilimchukua miaka hata akampata. Kanda asilia ya studio ilipotolewa ilikutwa imekwishaliwa na ukungu. Toleo la mwaka 2015, lililotoka kwa ridhaa ya Ata Kak, likalazimika kuitegemea ile ile kanda ya Cape Coast. Baada ya hapo mtu aliyekuwa amekwisha kusahauliwa alipanda majukwaa ya Ulaya.

Huyu alikuwa kondoo hasa, na mbwa mwitu alikuwa ukungu. Lau yule kijana angelingoja ruhusa, nyimbo zile pengine zisingelimfikia mtu. Lakini nakataa kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba mapenzi ya maelfu ya wasikilizaji ndiyo yaliyokihalalisha kitendo chake. Mfikirie mtu wa pili, aliyeokota kanda ile ile, akaigawa siku ile ile, akasifiwa sifa zile zile, na asimtafute mwenyewe hata siku moja. Msikilizaji wa Osaka asingeliona tofauti baina ya hao wawili. Tofauti ilikuwa katika yaliyofuata baada ya sifa, katika simu zisizopokewa na safari zisizo na malipo, mahali ambapo hapana wa kupiga makofi. Ni kweli kwamba wengi wetu hatutavuka bahari tatu kwa ajili ya kanda moja. Lakini kuandika majina tunayoyajua, na kununua pale panapouzwa, hakuhitaji kuvuka bahari.

Ngamia ni suala jengine kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, kazi za singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Wasikilizaji wa Ulaya walipigwa na butwaa kwa mapigo yanayopita 200 kwa dakika, wakauweka muziki huo pamoja na muziki wa majaribio, wakapeana kama ugunduzi mkubwa. Kampuni yenyewe iliwataja watayarishaji kwa majina yao, na hilo ni la uungwana. Lakini kilichogunduliwa ni nini? Vijana wa Manzese na Tandale walikuwa wakiicheza singeli kwenye vigodoro kwa miaka kadhaa, na waliokosa usingizi mtaani walikuwa wakiijua vizuri zaidi kuliko walivyotaka. Ngamia hakupotea, alikuwa anakwenda majini kwa miguu yake. Huko "kujaribu" kulikuwa katika sikio la mgeni, na mgeni ana haki ya kushangaa, ilimradi asiupe mshangao wake jina la kuzaliwa kwa kitu.

Uadilifu unanitaka niseme na la upande wa pili. Watayarishaji wa singeli walianza kwa kuchukua vipande vya muziki wa taarab, wakavikimbiza mbio na kuvirudiarudia, na waliopiga fidla na vinanda katika vipande hivyo aghlabu hawakutajwa popote. Ngamia naye alipita katika shamba la watu.

Na viko vitu ambavyo havikupotea wala havitembei, vimewekwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliipiga ngoma ya unyago jukwaani mbele ya wanaume na wageni, na si wote hapa waliofurahi. Lakini alikuwa kungwi mwenyewe, na uamuzi ulikuwa wake. Kanda ya harusi ya wanawake, iliyorikodiwa ndani ya nyumba miaka 40 iliyopita na leo imo sokoni katika kapu la vitu vikuukuu, haina kungwi wa kuiamulia. Anayeiokota ataisikia ngoma ya kusisimua ambayo hakuna mtayarishaji wa studio awezaye kuiiga. Atamsikia pia mwanamke anacheka, mwengine anamwita mtu kwa jina lake, mtoto analia kwa mbali, na atasema kwamba huo ndio uzuri wake hasa, na atakuwa amesema kweli. Lakini kitu kilichomo ndani ya nyumba ya watu hakiitwi kiokotwa. Kanda imetoka nje, kwa njia tusiyoijua. Sauti zilizomo bado zimo ndani, na wenye sauti hizo huenda wanaishi mtaa wa pili. Akilitaka sikio jengine, na aanze pale pale sokoni, aulize ilikuwa harusi ya nani.