Mguu Unalipwa na Nani?

Mtu akisema anashtaki hospitali baada ya kukatwa mguu, hakosi jamaa wa kumuuliza: kwani pesa itarudisha mguu? Linaulizwa kwa upole, na hapo mjadala unaisha. Hebu tulijibu.

Chukua kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu na kufungwa plasta. Usiku mguu unafura ndani ya plasta, damu haipiti. Maumivu yanazidi hata baada ya dawa, vidole vinakufa ganzi. Hizo ni dalili zinazofundishwa: plasta ipasuliwe sasa hivi, na ikibidi daktari wa upasuaji aitwe, kwa sababu misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa. Kijana analia, anaambiwa avumilie. Asubuhi mguu ni baridi. Siku chache baadaye unakatwa.

Ajali ilivunja mfupa. Mguu ulipotea usiku ule wodini. Ndiyo maana siharakishi kusema ni mapenzi ya Mungu. Hayo maneno yanafariji, lakini pia yanafunga faili.

Ni kweli, pesa hairudishi mguu. Mahakama inajua, ndiyo maana inahesabu maumivu, matibabu, mguu bandia na kipato kilichopotea. Na hesabu yenyewe ina kasoro. Asiyeweza kuthibitisha mapato, mara nyingi anakadiriwa kwa kiwango cha chini cha mshahara. Kwa hivyo fidia ya mama mboga anayeamka saa tisa usiku kwenda sokoni inaweza kuwa ndogo kuliko ya meneja wa benki. Kama hiyo ndiyo bei ya mguu, basi ni matusi.

Lakini fidia si bei. Angalia kinachofanyika isipolipwa. Mguu bandia bado unanunuliwa, unachakaa, unanunuliwa tena. Landilodi bado anataka kodi. Basi tunafungua grupu ya WhatsApp, tunachanga mia mia. Dada anaacha chuo. Mama anauza ng'ombe. Mguu unalipwa, tena kila mwezi, ila na watu ambao hawakuwa wodini usiku ule. Lazima mtu alipe. Tunachobishania ni nani.

Utasema, si ni vibaya kumwangushia mzigo muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima? Ni vibaya kweli. Ndiyo maana sheria inaruhusu mwajiri adaiwe kwa makosa ya mfanyakazi wake kazini. Aliyepanga zamu ya mtu mmoja alikuwa anaokoa pesa. Pesa hizo zilitoka kwa mguu wa mtu.

Na kusamehe? Samehe ukitaka. Msamaha unaondoa chuki moyoni mwa aliyeumia. Haumpi dada karo.

Shida ni kwamba upole wetu una saa inayohesabu. Kwa kawaida, kesi ya uzembe dhidi ya serikali inafaa kufunguliwa ndani ya miezi 12, na dhidi ya hospitali ya kibinafsi ndani ya miaka 3. Miezi 12 inaweza kuisha mtu akijifunza kutembea tena, huku kila anayemtembelea akimwambia amwachie Mungu.

Kwa hivyo jamaa akiuliza kama pesa itarudisha mguu, mwambie hapana. Halafu muulize yeye atachanga ngapi, na kwa miaka mingapi.