Ungamo na Sitara katika Orodha za Nyaraka

Orodha ya nyaraka humweleza msomaji yaliyomo katika jalada kabla hajalifungua. Ikiunyamazia utumwa, anayeutafuta hataufikia, hata kama umetajwa katika ukurasa wa kwanza wa jalada lenyewe. Ndipo linapozuka swali la dini na la maadili: nani anapaswa kuutaja, na amtaje nani?

Kageye, bandari ndogo ya Ziwa Viktoria isiyo mbali na Mwanza, ni mfano mzuri. Mpelelezi Stanley alifika hapo Februari 1875 na mashua yake, Lady Alice, akamkuta Songoro, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Baadaye wamisionari wa Church Missionary Society walinunua jahazi kwa Songoro huyohuyo. Desemba 1877 wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe walipoingia katika ugomvi wa Songoro na mtawala Lukonge. Nyaraka za chama hicho zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Mtu akiziorodhesha chini ya kichwa cha vifo vya wamisionari tu, hajasema uongo. Ila ameacha kusema kwamba jahazi la Injili lilitoka mkononi mwa muuza watu.

Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofungua misheni ya Bukumbi karibu na Mwanza mwaka 1883, wana fumbo gumu zaidi. Walitoa fedha kuwakomboa watoto watumwa, wakawalea na kuwabatiza. Kiswahili kina neno moja tu hapa, kukomboa: Kristo ni Mkombozi, na aliyeweka rehani huikomboa kwa kulipa. Katika vitabu vya misheni maana hizo mbili zimekaa pamoja. Mtoto aliokolewa kweli. Na fedha iliyomwokoa ilimfikia yule aliyemuuza. Orodha inayoandika “watoto waliokombolewa” bila kutaja malipo imechukua maana ya kanisani na kuiacha ya sokoni.

Ungamo la Kikristo lina sharti lake: mtu huungama dhambi yake mwenyewe, si ya jirani. Kwa kipimo hicho, wa kwanza kutajwa ni mwenye nyaraka, yaani shirika, serikali au familia iliyonunua, iliyouza au iliyofaidika. Uislamu nao, ambao wafuasi wake wengi walikuwa katika misafara iliyofika ziwani, unahimiza sitara: aibu ya mtu isitangazwe. Baadhi ya watu huitumia sitara hiyo kuwafunika wafanyabiashara. Huko ni kuigeuza juu chini. Anayestahili kusitiriwa ni aliyeuzwa, pamoja na wajukuu zake, kwa kuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kuitwa mzao wa mtumwa bado ni tusi linaloweza kuharibu posa au kuzusha ugomvi wa urithi.

Sitara hiyo huondolewa na mwenyewe. Adrian Atiman, aliyenunuliwa akiwa mtoto Afrika Kaskazini, akasomea utabibu Malta na kuhudumu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi kifo chake mwaka 1956, alisimulia maisha yake kwa kalamu yake. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa na mpelelezi Mwingereza Speke alipoliona Ziwa Viktoria kutokea Mwanza mwaka 1858, naye alimsimulia bwana huyo jinsi alivyouzwa utotoni. Kumwandika Bombay kama “kiongozi wa msafara” tu ni kumnyang'anya ushahidi alioutoa kwa hiari.

Neno lenyewe pia lina mtego. Mtumwa, kama mtume, ametokana na kutuma; lakini mtume hutajwa pamoja na aliyemtuma, ilhali mtumwa huandikwa kana kwamba alizaliwa hivyo. “Watu waliouzwa na Songoro” ni maelezo ya kweli kuliko “watumwa wa Kageye”, kwa sababu yana mtenda.

Majalada ya serikali hayamo nje ya jambo hili, kwa kuwa serikali nayo iliuruhusu utumwa kwa miaka mingi. Wajerumani waliupunguza utumwa kwa amri za hapa na pale bila kuufuta. Sheria iliyoufuta Tanganyika ilitungwa chini ya Waingereza, mwaka 1922.