Kumsitiri Ndugu Si Kumwacha Afe

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kumsitiri Muislamu, tusitangaze aibu yake. Swali la Ijumaa ya leo ni hili. Kijana amezoea vidonge vya maumivu. Usiku mmoja anakutwa amelala, anakoroma kwa namna ngeni, akiitwa haitiki. Mama anataka kuita majirani. Baba anasema: «Nyamazeni, mutatuaibisha. Amelala tu, kesho ataamka.» Je, baba huyu amesitiri?

Kwanza tuifahamu dawa. Tramadoli, kodeini na mofini ni za jamii ya afyuni. Munganga humpa aliyepasuliwa, aliyevunjika mfupa, au mwenye saratani. Mgonjwa huyo hana dhambi, wala tusimnyime dawa yake kwa kuogopa jina. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba kilichoruhusiwa kwa sababu ya dharura kisipite kiasi cha dharura. Mchimbaji wa dhahabu, mbeba mizigo au mwendesha pikipiki anayemeza tramadoli ili asisikie uchovu, huyo ametoka katika ruhusa. Uchovu ni mwili unaodai haki yake, na mwili una haki juu ya mwenyewe.

Kidonge cha kawaida cha tramadoli kina miligramu 50, na mtu mzima asipite 400 kwa siku. Katika magendo kuna vidonge vya miligramu 200 na zaidi kila kimoja. Anayemeza viwili kwa mara moja amekwisha fika ukingoni. Akichanganya na pombe au dawa za usingizi, hatari inazidi.

Dalili za kuzoea ni hizi: anameza bila maumivu, anaongeza kiasi, dawa inakwisha kabla ya siku zake, anazunguka famasi hii na ile, anaficha, anakopa. Akikosa, anatoka jasho, anaharisha, viungo vinamuuma, usingizi unampotea. Hata mgonjwa aliyefuata maagizo ya munganga anaweza kufika hapo, kwa hiyo tusiharakishe kumdhania mtu mabaya. Wala tusimwambie: «Kama una imani, acha leo.» Kuacha ghafla kunamtesa na kumrudisha kwenye vidonge. Apelekwe kwa munganga, apunguziwe kidogo kidogo, nasi tuwe karibu naye kwa dua na subira.

Dalili za kuzidisha ni nyingine, na hizo hazingoji kesho: haamki hata akitikiswa, pumzi ni chache na nzito, anakoroma kama mwenye maji kooni, midomo inageuka rangi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tramadoli inaweza pia kuleta kifafa. Hapo wengi husema ni majini, na kijana analetwa kwetu asomewe. Ndugu zangu, kisomo hakikatazwi, lakini kisomwe njiani kuelekea hospitali.

Wakati wa kutafuta usafiri, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Pumzi ikikatika, mpulizie mdomoni. Usimnyweshe maziwa wala maji, usimwogeshe maji baridi, usimwache peke yake. Chukua pakiti ya vidonge na umwambie munganga ukweli wote. Ikiwa hospitali ina naloksoni, dawa hiyo hurudisha pumzi, lakini nguvu yake inaweza kwisha kabla ya vidonge kwisha mwilini. Kwa hiyo akifungua macho, asirudishwe nyumbani papo hapo.

Sasa turudi kwa baba yule. Sitara ni kufunika aibu ya mtu aliye hai. Aliyenyamaza hadi pumzi ikakatika hakumsitiri mwanawe, amelinda jina lake mwenyewe. Katika Suratul-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba mwenye kuokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu hata akiwa dhalimu, kwa kumzuia asidhulumu. Na huyu anaidhulumu nafsi yake. Basi munganga na aambiwe, jirani mwenye gari na aambiwe. Sokoni ndiko tusiseme. Hiyo ndiyo sitara.

Na wewe ndugu mwenye kuuza dawa: kijana anayerudi kila jioni bila karatasi ya munganga, unamjua. Faida ya kidonge hicho utaulizwa.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warudishe vijana wetu, na utupe ujasiri wa kusema kabla ya kuchelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.