JEMADARI ALIYESIKIA MANENO YA WATUMISHI WAKE

Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Maandiko yanatupa habari za Naamani, jemadari wa jeshi la mfalme wa Shamu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye heshima mbele ya bwana wake, kwa sababu nchi yake ilipata ushindi kwa mkono wake. Lakini alikuwa na ukoma. Aliyeweza kuamuru maelfu ya askari hakuweza kuuamuru ugonjwa utoke mwilini mwake.

Sisi pia katika Tanzania tumekuwa na majemadari. Tarehe 29 Oktoba 2024 alifariki Jenerali David Musuguri, akiwa na umri wa miaka 104. Vijana wengi wa hapa Singe hawamjui, nao wazee wanamkumbuka kwa vita vya Kagera. Yafaa tumtazame, kwa maana maisha yake yanatusaidia kulielewa somo letu.

Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliingia katika jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Keya. Alipelekwa Madagascar. Ilipofika mwaka 1947 alikuwa sajini, akiwafundisha askari huko Kahawa, Kenya. Miongoni mwa askari vijana waliokuwa chini yake alikuwamo Mganda mmoja aliyeitwa Idi Amin.

Fikirini jambo hili, ndugu. Watu wawili walipita katika jeshi moja, wakala chakula cha kambi moja, wakafuata amri zile zile. Baada ya miaka thelathini na zaidi, mmoja alikuwa kiongozi wa jeshi lililokwenda kumwondoa mwenzake. Je, ni kitu gani kilichowatenganisha? Nguvu wote walikuwa nazo. Bunduki wote walijua kuitumia. Tofauti ninayoiona ni hii: mmoja alibaki chini ya mamlaka, na mwingine akafika mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumkemea.

Amin alichukua serikali kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1975 alijipa cheo cha Field Marshal, na mwaka 1976 akafanywa Rais wa maisha. Tena Kanisa letu la Anglikana linajua vizuri yaliyompata mtu aliyethubutu kumwambia neno. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia barua kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu ambaye hataki kukemewa: huiziba midomo inayosema kweli, kisha husimulia uongo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin waliivamia nchi yetu, wakaiteka sehemu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Waliua, walipora, na mapema Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tunayo sababu ya kumpiga, tunayo nia, na tunao uwezo. Vijana wa nchi nzima waliitwa, na malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kubeba askari.

Lakini sikieni pia habari ambayo haisimuliwi sana. Mwezi Januari 1979 jeshi letu liliuteka mji wa Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Huko askari wetu, kwa hasira ya yale waliyoyaona Kagera, walilipiza kisasi. Waliubomoa mji, na raia wasio na hatia waliuawa. Mwalimu aliposikia alihuzunika sana, akatoa amri kwamba raia wasiguswe wala mali zao. Taifa lililokuwa limeonewa, lililokuwa na haki upande wake, lilikuwa limefanya uovu, na lilikuwa na mtu wa kuliambia hivyo.

Ndipo twaona faida ya kukemewa. Sisemi kwamba amri ile iliondoa kila ubaya. Vita haviachi mikono safi, na mji wa Masaka uliharibiwa sana kwa mizinga. Hata hivyo, jeshi linaloweza kukemewa bado lina njia ya kurudi.

Musuguri aliongoza Divisheni ya 20 kwenda Masaka, kisha Lukaya. Huko Lukaya, mwezi Machi, kikosi chetu kimoja kilitawanyika mbele ya askari wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, kabla ya jeshi letu kujipanga upya na kushinda. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi letu. Amin alikimbia, na alifia ugenini, Jeddah, mwaka 2003. Musuguri alirudi nyumbani. Mwaka 1980 alifanywa Mkuu wa Majeshi, na mwaka 1988 akastaafu, akamwachia mwingine kazi. Katika Afrika ya siku zile, mtu aliyeuteka mji mkuu wa nchi nyingine angeweza kujaribiwa kuuchukua na mji mkuu wa nchi yake. Yeye alikabidhi kilichokuwa cha taifa, akaenda kuwa mzee wa Butiama.

Basi turudi kwa Naamani. Habari ya uponyaji wake aliipata kwa msichana mateka, mtumishi wa mkewe. Alipofika nyumbani kwa Elisha, nabii hakutoka hata kumsalimu. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Naamani alikasirika, akageuka aende zake. Kama mambo yangeishia hapo, angekufa na ukoma wake na heshima yake. Lakini watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakamwambia kwa upole kwamba kama nabii angemwagiza jambo gumu angelifanya. Kwa nini akatae jambo jepesi? Naye akawasikia. Alishuka mtoni, akatakasika.

Ndugu zangu, majemadari ni wachache, lakini kila mmoja wetu ana mahali anapoamuru. Baba anaamuru nyumbani. Mama anaamuru jikoni na juu ya wasichana wa kazi. Mwenyekiti anaamuru mtaani, mzee wa kanisa anaamuru kanisani, na mchungaji hali kadhalika. Nawasihi mjiulize mambo matatu.

Kwanza, ni nani anayeweza kunikemea? Kama huwezi kumtaja hata mtu mmoja, hatari ni kubwa.

Pili, je, walio chini yangu wanaweza kunikaribia kama watumishi wa Naamani? Au mke wangu hunyamaza nikiingia, na watoto hutawanyika? Mtu aliyeuza mahindi yote ya mavuno bila kumsikiliza mkewe asishangae njaa ikibisha hodi mwezi wa pili.

Tatu, nikikemewa, nafanya nini? Naamani alikasirika kwanza, na Mungu hakumtupa kwa hasira hiyo. Alipewa nafasi ya kugeuka, naye akaitumia.

Na ninyi mlio wadogo katika nyumba zenu, msiseme kwamba maneno yenu hayana uzito. Msichana yule mateka hata jina lake hatukuambiwa. Hata hivyo, Mungu alimtumia kumwokoa jemadari.

Tuwakumbuke katika sala zetu askari waliokwenda Kagera wasirudi, wajane wao na yatima wao, na wale waliorudi na majeraha. Tuwaombee pia ndugu zetu wa Uganda, ambao kwao mateso hayakuisha siku ile Amin alipokimbia.

Mungu atupe viongozi wanaosikia, naye atufanye sisi wenyewe kuwa watu wanaosikia, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyekuwa na mamlaka yote, akanyenyekea, akatii hata mauti ya msalaba. Amina.