Hisabu na Amana ya Mifugo

Baadhi yetu huuliza: mtoto asomaye elimu ya maumbile ana haja gani ya kutaabishwa na hisabu? Jawabu na tuitafute Kinna, huko Isiolo, kwa ndugu zetu Waborana wafugaji.

Mfugaji aliyesoma chuoni ajua kuwa mbuzi 40 zaka yao ni mmoja, na 80 vilevile mmoja, mpaka wapite 120. Lakini dawa ya minyoo haina mwendo huo. Ikiwa chupa yataka mililita 1 kwa kila kilo 5, mbuzi wa kilo 20 hupewa 4, na wa kilo 40 hupewa 8. Akikisia akapunguza, minyoo husalia na kuizoea dawa. Akizidisha, huenda akamwua mnyama aliyepewa amana. Asiyejua kugawanya na kulinganisha ataifahamuje tiba?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa aliitaja hisabu pamoja na tiba kuwa fardhi kifaya: mji ukikosa wa kuijua, dhambi ni ya wote. Nasi tunao wazee wasemao mbele za watu, tena kwa kucheka, kwamba mtoto wao hisabu haimwingii.